Kompaundi ya mikwaruzo: nimeijaribu kwenye IST nyeusi

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo nina IST nyeusi, na mnaijua rangi nyeusi, haifichi kitu. Sogeeni muone hapa, kwenye kale kashimo nyuma ya kitasa cha mlango wa dereva. Mistari yote hii ni kucha, pete na funguo. Na huku nyuma, kona ya bampa, bodaboda alitugusa kwenye foleni.

Kopo langu ni Turtle Wax, ile iliyoandikwa Rubbing Compound. Dukani angalieni vizuri, maana wana nyingine ya Polishing Compound. Hiyo ni laini zaidi, ya kumalizia.

Kabla sijafungua, naomba mnielewe hapa, kwa sababu ndipo watu wanapoharibu magari. Kompaundi haizibi mkwaruzo. Ndani yake kuna chembechembe zinazosaga. Juu ya rangi ya gari kuna klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, na unachofanya ni kuipunguza hiyo klia kidogo kidogo mpaka kingo za mkwaruzo zilainike. Klia ya kiwandani kwa kawaida ni nyembamba kuliko unywele. Ukiimaliza, imekwisha, ni kwenda kupiga rangi. Mwaka jana fundi mmoja alikandamiza mashine kwenye ukingo wa boneti yangu, mahali ambapo rangi huwa nyembamba zaidi. Pamebaki baka hadi leo, na liliniuma sana.

Kwa hiyo anza na ukucha. Upitishe kukata mkwaruzo, hivi. Ukucha ukiteleza, endelea, una nafasi nzuri. Ukinasa, mkwaruzo umezama, na kompaundi itaupunguza makali tu.

Gari nimeliosha kwa shampuu, liko kivulini, bati limepoa. Vumbi likibaki, utakuwa unasugua kwa mchanga. Mipira na plastiki nyeusi nimezibandika tepu, kwani dawa ikikaukia pale inaacha weupe sugu. Nachukua kiasi cha punje ya harage kwenye kitambaa cha mikrofaiba, nasugua eneo dogo, mkono wa wastani, nafuta, natazama. Narudia kama bado.

Haya, angalieni. Ile mistari myembamba imeondoka. Imebaki miwili, na yote miwili ukucha unanasa. Naiacha hivyo hivyo. Mkiweka tochi mtaona ukungu kidogo: hiyo ni alama ya kompaundi yenyewe, ndiyo maana nasema nunueni na ile laini. Nimeipitisha, kisha nikapaka nta, na mng'ao wa kioo umerudi.

Kwenye bampa, rangi nyekundu ya pikipiki imetoka yote. Chini yake pana mstari ambao plastiki inaonekana. Pale hakuna kopo litakalosaidia, ni kazi ya fundi rangi.

Mnaniuliza sana kama dawa ya meno inaondoa mikwaruzo. Nayo ina chembe za kusaga, kwa hiyo alama nyepesi inaweza kufifia, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya klia. Gari lako ni la thamani kuliko hilo jaribio.

Kwangu hili kopo linafaa, nitalinunua tena. Kwa aliyezoea kusugua kwa hasira, aanze na ile laini.