Tahadhari kwa wanaonunua kompyuta za chuo Kariakoo: mashine uliyoijaribu siyo utakayoondoka nayo

Wakuu, naandika haya nikiwa nimeshapigwa laki sita na ishirini, kwa hiyo mnivumilie nikipandisha sauti kidogo.

Mdogo wangu kapata chuo Dodoma, anasoma takwimu. Mzee alitoa laki nne, mimi nikamalizia, maana kusubiri bumu litoke ndipo binti anunue mashine ni kumchelewesha bure. Na nilijiona mjanja kweli. Nilikuwa najua Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba Windows 11 rasmi haizitaki karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, ndiyo maana za kizazi cha sita na saba zinamwagwa sokoni kwa bei ya kutupa. Nikajiapiza: nataka HP EliteBook 840 G5, RAM 8, SSD 256, chini ya hapo sichukui. Nikaliona tangazo Instagram, "ofa ya wanachuo", nikapiga. Akapokea winga. Mawinga wa Kariakoo mnawajua: hana duka hata moja, ila maduka yote ni yake.

Akatupokea kituo cha mwendokasi Gerezani, akatupitisha vichochoro hadi ghorofa ya pili ya jengo moja, kwenye kachumba chenye kaunta ya kioo. Mashine ilikuwa tayari mezani. Safi, imefutwa hadi inang'aa. Nikaikagua: prosesa i5-8350U, na kwa prosesa kama hii yenye tarakimu nne, ile ya kwanza baada ya kistari ndiyo inayokwambia kizazi, hapo ni nane. RAM 8 ipo. Tukacheza video robo saa, betri ikashuka asilimia tatu tu. Mdogo wangu akanitazama, nikatikisa kichwa kwamba sawa. Nikalipa kwa simu, kwenye namba iliyotokea jina la winga, siyo la duka. (Hapo ningestuka. Sikustuka.)

Kabla sijaiingiza kwenye begi jamaa wa kaunta akasema, "Boss, hiyo ya mezani imeshashikwashikwa na kila mtu. Ngoja nikutolee ya stoo, ni hiyo hiyo." Akapotea nyuma ya pazia dakika kama tano. Akarudi na mashine yenye nailoni kwenye mfuniko, stika ya Core i5 mpyaaa. Ikawaka, Windows ikaja, umbo lile lile. Binti alikuwa na basi alfajiri na bado hajafunga mizigo, tukaona tumemaliza. Nilipoomba risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) nikaambiwa bei itapanda, nikapokea ya mkono: "HP 1, 620,000". Hakuna namba ya mashine, hakuna waranti zaidi ya mdomo.

Wiki ya kwanza tu akanipigia, "Kaka, hii ukiitoa kwenye umeme haifiki saa moja." Nikamwelekeza afungue lile dirisha jeusi la amri aandike powercfg /batteryreport, kisha anitumie picha ya ripoti. Uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, karibu 50,000. Uwezo wake sasa, 16,400. Yaani chini ya theluthi moja. RAM nayo 4, siyo 8. Nikajua ya mezani ilibaki mezani.

Kumbe hilo lilikuwa dogo. Mashine ilipozidi kuwa nzito akaipeleka kwa fundi wa pale pale, akaifuta na kuanza kuweka Windows upya. Alipoiunganisha na intaneti kabla ya kumaliza, kioo kikaleta salamu ya kukaribishwa kwenye kampuni moja ya Uingereza, na kumtaka aingize baruapepe ya kazini. Binti wa mwaka wa kwanza Dodoma, anaulizwa baruapepe ya kazini Uingereza!

Hilo ndilo hasa lililonifanya niandike. Kompyuta nyingi za mtumba zilikuwa za maofisi huko nje, na baadhi ya ofisi huziandikisha Microsoft kwa alama za ndani za mashine yenyewe. Ukifuta diski au ukibadilisha SSD, uandikishaji unabaki. Kwa kawaida anayeweza kuuondoa ni kampuni yenyewe, la sivyo ubadilishe ubao mama. Madukani wanaweka Windows bila kuigusisha intaneti, ndiyo maana pale kaunta huoni kitu. Fundi angeweza kurudia mbinu hiyo hiyo, lakini kila ikiwekwa upya mtandaoni inamdai mwenyewe. Labda kampuni iliiuza kihalali ikasahau kuifuta kwenye orodha yake, labda iliibiwa. Ukiwa umesimama pale kaunta huwezi kutofautisha.

Kwa hiyo anayekwenda wiki hii, tafadhali usikubali mashine itoke mezani kwenda stoo na kurudi. Ikiwa lazima uchukue ya boksi, basi hiyo ya boksi ndiyo uijaribu upya tangu mwanzo, na hela ibaki mfukoni mpaka umalize. Igeuze, piga picha namba ya mashine iliyo chini, halafu iwashe huku unabonyeza F10 kama ni HP (Dell ni F2, ThinkPad ni F1) ufungue BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya mashine, uone kama namba ya ndani ni hiyo hiyo; prosesa na RAM vimeandikwa humo pia, na huko stika haifiki. Ikikudai neno la siri ambalo muuzaji hana, vaa viatu uondoke. Kisha mwambie aifute na kuiweka upya mbele yako kwa hotspoti ya simu yako. Atakwambia inachukua muda. Kweli inachukua, kaa kwenye kiti, agiza soda. Mwenye mashine safi atanuna lakini atafanya. Na risiti iwe ya EFD, namba ya mashine iandikwe.

Duka silitaji kwa sababu malalamiko yangu bado sijayamaliza. Nilirudi mara mbili. Mara ya kwanza jamaa wa kaunta akaniambia hiyo mashine haikutoka kwake, nimuonyeshe risiti yenye namba. Mara ya pili kaunta alikuwa kijana mwingine, hanijui, na pazia limebadilishwa. Winga hapokei simu yangu. Nilipompigia kwa laini ya shemeji alipokea mlio wa kwanza: "Karibu boss, ofa ya wanachuo bado ipo, tumeshusha, laki tano na nusu."