Nimelala kwa Masista Umbria: Kitanda, Kengele na Mkate Usio na Chumvi

Habari zenu jamani, karibuni tena. Leo sichambui simu wala begi, nachambua kitanda. Kitanda cha chuma cha mtu mmoja, kwenye nyumba ya masista Wabenedikto huko Umbria, katikati ya Italia. Nimelala siku mbili, nimelipa mwenyewe: yuro 45 kwa usiku mmoja pamoja na chai ya asubuhi. Jina la nyumba silitaji, kwa sababu nina lalamiko moja na masista wa watu hawana muda wa kuja kujibizana na mimi mtandaoni.

Kutoka Roma Termini mpaka Assisi kwa treni ni kama saa mbili. Msidanganyike na jina la stesheni: iko bondeni, Santa Maria degli Angeli, mji wenyewe uko juu. Mimi nilishuka Spello, mji mdogo kabla ya kufika Assisi, nikapanda kwa miguu katikati ya mizeituni, begi mgongoni, niko kwenye simu na dada yangu namlalamikia huo mlima. Nabonyeza kengele, mlango unafunguka, sista ananiambia, "Pole na mlima, mwanangu." Kiswahili! Mtu wa Songea. Kiitaliano chote nilichokariri kwenye treni kikayeyuka palepale.

Chumbani kuna kitanda, meza, msalaba ukutani na kabati linalolia ukilifungua. Lakini shuka! Pamba nzito, zimepigwa pasi mpaka kwenye kona. Televisheni hakuna, na intaneti inashika koridoni tu, chini ya sanamu ya Mtakatifu Skolastika. Nikisimama pale kutuma meseji, masista wanapita kwa kunyata, wanadhani nasali.

Sasa lalamiko. Maji ya moto yanadumu dakika nne, nimehesabu. Ya tano nilikuwa na povu kichwani na maji ya barafu mgongoni. Alama mbili nimezikata hapo, kwa hiyo 8 kati ya 10.

Geti linafungwa saa 4 usiku na ufunguo hupewi. Mwenye kupenda kuzurura, atafute hoteli. Hapa ni nyumbani kwa watu, nawe umepewa kona. Mtakatifu Benedikto mwenyewe, ambaye masista hawa wanamfuata, alizaliwa Norcia, hukohuko Umbria, na sura ya 53 ya Kanuni yake, kitabu chake cha maisha ya utawa, inasema mgeni apokewe kama Kristo. Mimi hakuna aliyeniuliza dini yangu. Sista wa Songea aliuliza kama nimekula.

Mkate wa kule hauna chumvi. Nilidhani jikoni wamesahau, kumbe ndivyo unavyookwa. Ule na jibini la kondoo, lenye chumvi yake, utaelewa.

Masifu ya Asubuhi, sala ya kuimba ya masista, si lazima kwa wageni. Siku ya pili nilienda, nikakaa benchi la nyuma, nikapotea ukurasa wa kwanza tu. Sista mmoja mzee sana akanyoosha mkono bila kunitazama, akanifunulia panapoimbwa.

Mkitaka kwenda, tafuteni neno "foresteria", yaani nyumba ya wageni ya watawa, andikeni barua pepe kwa Kiitaliano, na mbebe pesa taslimu. Na mwombe chumba cha upande wa mizeituni. Cha upande wa kanisa, kengele ya alfajiri inalia kama imewekwa juu ya mto wako.