Sonata ya Pathétique jukwaani: vidole vimekomaa, ukimya bado

Kijana aliyefungua onyesho lake kwa sonata ya Beethoven (utungo wa piano wenye sehemu kadhaa) ya opasi 13, yaani namba yake katika orodha ya kazi za mtunzi, inayojulikana zaidi kwa jina la Pathétique, alijitwisha kazi ambayo wengi huidhania nyepesi kwa kuwa mahadhi yake yamezoeleka masikioni. Niseme mapema kwamba vidole vyake ni imara, kwamba alipiga sehemu zote tatu kwa kichwa bila kupotea, na kwamba nayataja mapungufu haya kwa sababu yote yamo ndani ya uwezo wake kuyarekebisha.

Zito kuliko yote liko kwenye utangulizi. Sonata inaanza kwa mwendo wa polepole sana, Grave, na chini ya nota za kwanza zinazolia kwa pamoja Beethoven aliweka alama ya kupiga kwa nguvu kisha kufifia papo hapo. Piano za mwaka 1799, sonata hii ilipochapishwa, zilikuwa na fremu ya mbao na nyuzi nyembamba, hivyo sauti ilikufa upesi, ilhali piano ya leo yenye fremu ya chuma huishikilia kwa muda mrefu na kumwachia mpigaji jukumu la kuifikia alama hiyo kwa ufundi wake mwenyewe. Kijana huyu alipiga kwa nguvu zake zote, akakanyaga pedali inayoendeleza sauti, akaingia kwenye nota zinazofuata wakati mngurumo wa kwanza ungali umejaa ukumbini. Ningemshauri apunguze uzito wa pigo hilo, hasa kwa mkono wa kushoto, aiachie pedali taratibu huku vidole vikibaki juu ya vibao, na asiendelee mpaka asikie sauti imeshuka. Vituo vya kimya vilivyoandikwa katika ukurasa huo navyo vipewe muda wao kamili, kwani karibu vyote alivikata.

Nasisitiza hili kwa sababu Grave hurudi mara mbili kabla sehemu ya kwanza haijaisha, na katika marejeo ya mwisho, pale palipokuwa na pigo zito, mtunzi ameweka kimya. Mahali hapo kijana alisubiri vizuri mno, na ukumbi mzima ukasubiri pamoja naye. Sikio lake basi linajua. Ni mwanzoni tu ambapo haraka ilimshinda.

Katika mwendo wa kasi unaofuata Grave, mkono wa kushoto hupokezana nota za oktava, yaani nota mbili za jina moja, ya chini na ya juu, bila kupumzika kwa muda mrefu, na kifundo cha mkono wake kilionekana kukakamaa kadiri kurasa zilivyosonga, matokeo yake besi ikaufunika mkono wa kulia. Dawa yake ni kuyafanyia mazoezi mapigo hayo polepole na kwa sauti ya chini kabisa, akiuzungusha mkono kuanzia kiwiko badala ya kuvisukuma vidole peke yake. Ukakamavu wa namna hiyo ukiachwa kwa miaka huleta maumivu, kwa hiyo hili si suala la uzuri wa sauti tu.

Adagio, sehemu ya pili yenye mwendo wa polepole, ilikuwa sehemu bora ya onyesho lote. Mahadhi makuu hubebwa na vidole dhaifu vya mkono wa kulia wakati vidole vingine vya mkono huohuo vinasindikiza, na yeye aliyafanya yaimbe juu ya usindikizaji bila kulazimisha. Kosa lilijitokeza pale usindikizaji unapogeuka kuwa wa nota tatu tatu, kwani alichukuliwa na wingi wa nota akaongeza mwendo, na mahadhi yaliporejea kwa mara ya mwisho yalikuwa yamepoteza utulivu wake. Akihesabu mapigo makuu badala ya nota ndogondogo, mwendo utabaki mmoja.

Rondo, sehemu ya tatu na ya mwisho, aliipiga kwa wepesi na usafi, nami sina la kuongeza.

Kabla ya onyesho lijalo, ajirekodi akiwa ameweka kinasa sauti nyuma kabisa ya ukumbi, kwa sababu mpigaji aliyekaa kando ya nyuzi husikia mwanzo wa kila nota waziwazi hata pale ambapo msikilizaji wa mbali anasikia mngurumo mtupu. Asikilize rekodi hiyo pamoja na mwalimu wake, nakala ya muziki ikiwa mbele yao, waanze na ukurasa wa kwanza.