Shahada ya ualimu wa elimu maalumu na saikolojia: walinifundisha kitu, nikakifanya, wakaninyima alama

Watu wananiuliza kama wajiunge na shahada hii ya elimu maalumu inayosomwa pamoja na saikolojia. Sifa za kuingilia na orodha ya kozi mtazitafuta wenyewe. Mimi nitaongelea siku moja tu ya mazoezi ya kufundisha, kwa sababu kila nikiikumbuka damu inanichemka.

Muhula mmoja kabla ya hapo tulisoma kozi ya tabia za wanafunzi. Hiyo kozi ni dhahabu, na nasema hivyo hata nikiwa na hasira. Mhadhiri wake alitukalisha chini tukaelewa kwamba mtoto anayejing'ata mkono au kukimbia meza hafanyi ukorofi. Anakwepa kazi iliyomzidi, anataka kitu, anataka mtu amwangalie, au mwili wake wenyewe unaitaka ile hisia. Tulijaza majedwali mpaka vidole vikauma: nini kilitangulia, mtoto alifanya nini, nini kilifuata. Tukasoma utafiti wa Carr na Durand wa mwaka 1985, uliotoa njia ambayo hadi leo ni msingi wa kazi hii. Unatafuta kwanza tabia ile inampatia nini mtoto, kisha unamfundisha kuomba kitu hichohicho kwa njia nyingine, kwa neno, ishara au picha. Akishaona kwamba ombi linasikilizwa, haja ya kujiumiza inapungua. Swali lake lilitoka kwenye mtihani na nililijibu vizuri.

Basi nikapangiwa darasa lenye mwanafunzi mwenye usonji, hazungumzi. Kelele za viti kuburutwa sakafuni zilikuwa zinamtesa. Kiti kikiburutwa anaziba masikio, kisha anajing'ata pale chini ya kidole gumba, mahali palipokuwa pameshakuwa na sugu. Mimi na mwalimu wa darasa tukamtengenezea kadi ya picha ya kupumzika, tukaibandika pembeni mwa meza yake. Akinipa kadi, anakwenda nyuma ya kabati penye utulivu, anakaa kidogo, anarudi. Mwanzoni nilikuwa namshika mkono kuchukua kadi. Baadaye nikawa naielekeza tu kwa kidole. Ilichukua wiki nyingi, na hakuwahi kuichukua bila mimi kumkumbusha.

Siku ya kukaguliwa ndiyo siku aliyoichukua mwenyewe.

Mkufunzi alikuwa ameketi nyuma na fomu yake. Kiti kikaburutwa. Mtoto akaziba masikio, nikaona mkono unapanda mdomoni, halafu ukashuka. Akabandua kadi, akanipa, akaenda nyuma ya kabati. Nilitamani kupiga kelele kwa furaha. Nikamwambia tu, "Asante, umeomba kupumzika," nikaendelea na wenzake.

Mkufunzi akasema kwa sauti, mbele ya watoto wote: "Mwalimu, huyu anazurura na wewe unamwangalia? Mrudishe akae." Nikamweleza kwa adabu kwamba ameomba ruhusa kwa kadi. Hakunisikiliza. Aliinuka, akakisukuma kiti chake nyuma, kikalia sakafuni, akaenda kumshika mtoto mkono na kumvuta mpaka kwenye meza. Mtoto akajing'ata. Akajing'ata kweli, hadi mwalimu wa darasa akaja kumtoa nje.

Kwenye fomu yangu, sehemu ya usimamizi wa darasa, akaandika: "Darasa limemshinda." Alama za sehemu hiyo zikaanguka. Zile alama si kitu. Kinachonichoma ni yule mtoto, aliyefanya kile tulichomwomba wiki zote zile, akaadhibiwa kwa kukifanya. Siku zilizofuata kadi ilibaki pale ilipobandikwa, hakuigusa.

Nilikata rufaa. Ofisini nikaambiwa fomu ya tathmini ni moja kwa walimu wanafunzi wote, wa shule za kawaida na wa elimu maalumu, na kwamba mkufunzi yule ni mtu wa siku nyingi. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba upande wa saikolojia na upande wa mazoezi ya kufundisha hawaongei. Huku tunakaririshwa hatua za ukuaji wa akili ya mtoto za mwanasaikolojia Piaget na tarehe, kule tunapimwa kwa ukimya wa darasa na unadhifu wa andalio la somo. Hata Vygotsky, mwanasaikolojia wa Urusi, tulipewa nusu yake. Tulifundishwa nadharia yake ya ukuaji, lakini hakuna aliyetuambia kwamba alifanya kazi na watoto wenye ulemavu na kushikilia kwamba jinsi jamii inavyompokea mtoto ndiyo inayomlemaza zaidi kuliko kasoro ya mwili wake. Binet, mwanasaikolojia Mfaransa, naye alituachia kipimo cha akili cha mwaka 1905, lakini hakukitengeneza ili watoto wafungiwe humo maisha yao yote. Alipinga waziwazi wale waliosema akili ya mtoto haiongezeki. Mambo hayo niliyasoma mwenyewe maktaba, kwa hasira.

Mara ya kwanza kuandika haya niliweka "msijiunge" kwa herufi kubwa. Nimeifuta. Bila ile kozi ya tabia nisingejua kwamba kadi ile ilikuwa sauti ya mtoto, ningemvuta mkono mimi mwenyewe na kujiona nina nidhamu. Kozi ya lugha ya alama ilikuwa nzuri pia, ingawa fupi mno. Ya nukta nundu tulijifunza kwa kupokezana mashine chache, wengine wakamaliza bila kuandika ukurasa mzima.

Kwa hiyo jiungeni, ila kabla ya kulipa ada mwendee mratibu wa mazoezi ya kufundisha umwulize: atakayenikagua amewahi kufundisha watoto wenye mahitaji maalumu? Fomu yenu ina mahali pa kuandika lengo la mwanafunzi mmoja mmoja? Akianza kukuzungusha, tafuta chuo kingine. Na kama yule mkufunzi bado anakagua, nafuta tena nilichofuta.