Kemshafti ya Cummins 5.9: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kwenye injini ya petroli, kemshafti kali (shafti yenye nundu zinazofungua valvu) inaweza kubadilisha gari zima. Dizeli yenye tabo (turbo) haiko hivyo. Nguvu yake inatoka kwenye dizeli unayoichoma, na kemshafti inaongeza tu hewa ya kuichomea. Kwa hiyo kwenye Cummins 5.9, injini ya dizeli ya lita 5.9 ya pikapu za Dodge Ram, faida utaiona kwanza kwenye geji: joto la ekzosi linashuka ukipanda mlima na mzigo, tabo inaamka mapema, moshi mweusi unapungua. Nguvu za farasi zinaongezeka kidogo. Muuzaji anayekuahidi farasi mia kwa kemshafti peke yake anakuuzia maneno.

Kama nozeli (vinyunyizia dizeli) na tabo bado ni za kiwandani na gari halina geji ya joto la ekzosi, hela yako ina kazi nyingine kwanza. Seti pia tapeti, yaani nafasi inayoachwa kwenye kila valvu, kabla ya kulaumu kemshafti: inleti milimita 0.25, ekzosi 0.51, injini ikiwa baridi. Gari "lililochoka" mara nyingi linapona hapo.

Namba zinazoandikwa kwenye kemshafti, mfano 178/208, ni nyuzi za mzunguko wa krenkshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni: valvu ya inleti inakaa wazi nyuzi 178, ya ekzosi 208, zikihesabiwa tapeti (kipande kinachokaa juu ya nundu) ikishanyanyuka inchi 0.050. Namba ndogo ya inleti inamaanisha valvu inafunga mapema, hewa inabaki ndani ya silinda hata mizunguko ikiwa ya chini. Hicho ndicho mvuta mzigo anakitaka.

1. Ya kuvuta mzigo. 5.9 ziko za valvu 12 na za valvu 24. Kwa injini ya valvu 12, Hamilton 178/208 au nyingine ya kundi lake. Hii ndiyo tunayoipendekeza kwa watu wengi: gari la kila siku, trela wikendi, nozeli zilizoongezwa kiasi. Kwenye valvu 12 kemshafti ndiyo inayosukuma pampu ndogo ya kunyonya dizeli kutoka tangini, kwa hiyo hakikisha unayonunua ina nundu ya kazi hiyo. Ya valvu 24 iagize kwa injini hiyo, usikubali "inaingia tu".

2. Mpya ya kiwandani. Haina sifa za kujivunia barazani, lakini kama nundu zimelika na hujabadilisha kitu kingine chochote, hii inatosha. Agiza kwa namba ya CPL (orodha ya vipuri vya injini hiyo) iliyopigwa kwenye kibati cha injini, kwa sababu 5.9 mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa na vipuri tofauti. Ushauri huu unawahusu pia wenye malori ya Tata yanayotumia 6BT, yaani 5.9 hii ya valvu 12. Lori la kazi ambalo gavana (kidhibiti cha mizunguko) hailiruhusu mizunguko mingi halina cha kufanya na kemshafti ya mashindano.

3. 188/220. Kwa mwenye tabo kubwa na nozeli kubwa anayepita mizunguko 3,000 mara kwa mara. Hapo bei si ya kemshafti tena. Springi za kiwandani za valvu 12 huanza kushindwa kurudisha valvu kwa wakati ukifika huko, hasa kama kuna breki ya ekzosi, kwa hiyo weka hela ya springi ngumu na pushirodi imara kwenye hesabu. Muulize muuzaji, kwa maandishi, nafasi inayobaki kati ya valvu na pistoni. Pistoni ya dizeli inapanda hadi karibu kabisa na hedi, na nafasi hiyo haina huruma.

4. Iliyosagwa upya. Bei inavutia. Ila nundu ikisagwa, duara lake la chini linapungua, na sehemu ya tabaka gumu la juu inaweza kuondoka. Nunua kwa karakana inayokupa karatasi ya vipimo tu, vinginevyo iache.

Za mashindano hatuzipangi. Anayezihitaji ana mtu wa kumchagulia.

Duramax, dizeli ya pikapu za Chevrolet na GMC, ni hadithi nyingine. Wenye V8 hiyo wananunua kemshafti inayobadili mpangilio wa silinda kuwaka, ambao kiwandani ni 1-2-7-8-4-5-6-3, ili kupunguza mzigo kwenye krenkshafti, inayojulikana kwa kuvunjika nguvu zikizidi. Lazima programu ya kompyuta ibadilishwe pamoja nayo, la sivyo nozeli zitamwaga dizeli kwenye silinda isiyo na zamu.

Walioko California waulize namba ya idhini ya CARB (mamlaka ya hewa safi ya jimbo hilo) kabla ya kulipa. Kipuri kisicho nayo hakiruhusiwi kwenye gari la barabarani.

Sasa kufunga, maana kemshafti nyingi nzuri huharibiwa hapa. Tapeti mpya ni lazima, zote 12. Hata ya valvu 24 ina tapeti 12, kwa kuwa kila moja inasukuma valvu mbili kupitia daraja. Tapeti ya Cummins ni ya uso bapa na inapaswa kuzunguka ikifanya kazi. Iliyozoeana na nundu ya zamani itaila mpya. Kisahani chake ni kipana kuliko tundu, kwa hiyo haipiti kutokea juu. Fundi anachomeka kijiti ndani ya kila tapeti kutokea juu, anaivuta na kuifunga kwa mpira ili ining'inie, ndipo anachomoa kemshafti kwa mbele. Za zamani anazipokea moja moja kwa mfereji wa plastiki uliosukumwa ndani ya tundu la kemshafti, na mpya zinapanda kwa njia hiyo hiyo. Kijiti kikiteleza, tapeti inaangukia sampu (karai la oili chini ya injini), na sampu lazima ishuke.

Kava la taimingi likiwa wazi, kwenye injini za hadi 2002 tafuta pini ndogo ya chuma kwenye nyumba ya gia. Ina tabia ya kujitoa na kuangukia katikati ya gia. Ifungie kibati sasa hivi, kazi ya dakika chache. Funga gia kwa alama zake; ukikosea jino moja, valvu inaweza kukutana na pistoni.

Paka nundu zote grisi ya kuzindulia, jaza oili yenye zinki ya kutosha na chujio jipya, na hakikisha injini itawaka mara moja bila kupigwa stata muda mrefu. Ikiwaka, ipandishe mizunguko 1,500 hadi 2,000 na uishikilie hapo dakika 20 hadi 30. Usiiache sailensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa sababu oili inayorushwa kwenye nundu wakati huo ni kidogo. Kisha, injini ikipoa, seti tena tapeti kwa vipimo vya karatasi ya kemshafti hiyo, si vya kiwandani. Mwaga oili, pasua chujio na upitishe sumaku kwenye mikunjo yake. Vumbi jepesi la kijivu ni kawaida. Chembe zinazokwaruza kidole ni nundu inayolika, na gari lisitoke gereji.