Miaka sita na Noah yetu: mlango, siti nane na tope la Mlalo

Anayeniuliza kama Toyota Noah inafaa kuwa gari la familia, kwanza namwonyesha mlango. Tunaishi Bunju, Dar es Salaam, mume wangu, mimi na watoto wanne, na miezi ya Juni na Julai, baridi inapozidi kule Usambara, mama mkwe wangu hushuka kukaa nasi. Magoti yake yamekuwa mabovu kwa muda mrefu. Tulipokuwa na Toyota IST, gari dogo, kumwingiza ndani ilikuwa kazi ya watu wawili: mmoja anamshika kiuno, mwingine anamkinga kichwa kisigonge paa, naye mwenyewe anauma meno asilie mbele ya wajukuu. Siku tuliyomletea Noah alishika mpini wa ndani, akakanyaga sakafu iliyo chini kuliko ngazi ya veranda yetu, akapanda na kukaa, kisha akaikusanya kanga yake isibanwe. Tulipofika kliniki akashuka peke yake. Nilisimama pale na mikono mitupu, sina cha kumsaidia, na nikamshukuru Mungu.

Kwa hiyo nikianza kutaja kasoro za gari hili, na zipo, msomaji ajue nazitaja nikiwa nalipenda.

Tulilinunua mwaka 2019. Ni la mwaka 2008, chasisi ZRR70, injini ya petroli ya cc 1986, giaboksi ya otomatiki ya aina ya CVT. Hadi linapata namba na bima, milioni 21 zilikuwa zimetoka, na kodi ilikula sehemu kubwa, maana gari lenye umri kama huo hapa kwetu hutozwa ushuru wa uchakavu juu ya ushuru mwingine. Wifi yangu aliyeolewa Mombasa alitamani aagize kama letu, lakini Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka 8 kuingia, ikabidi atafute la karibuni zaidi na bei ikawa nyingine kabisa. Mume wangu moyo wake ulikuwa kwenye Alphard, Toyota kubwa kuliko Noah. Tulipopiga hesabu tukaiacha: injini yake ya lita 2.4 inavuka cc 2000, na ukivuka hapo ushuru wa bidhaa unapanda kutoka asilimia 5 kwenda 10, na bado mafuta yanakusubiri kila wiki.

Hizo cc 1986 zina sababu yake. Japani gari likitaka kuhesabiwa katika daraja la magari madogo lisizidi cc 2000, wala upana wa mita 1.7, wala urefu wa mita 4.7. Noah ya kawaida ya toleo letu imekatwa ikae ndani ya vipimo hivyo. Faida yake niliiona Kariakoo kabla sijaijua kwenye maandishi. Gari linalobeba watu wanane linaingia pale pale alipoegesha mwenye gari dogo la saluni, na kwa kuwa milango ya nyuma inateleza badala ya kufunguka nje, watoto wanashuka bila kumkwaruza jirani. Ukiwa na watoto wanne wanaogombania kushuka wa kwanza, hilo peke yake limenipunguzia ugomvi na watu nisiowajua.

Mjini Dar, kwa foleni za Mwenge na Morocco, lita moja inanipa kilomita 8. Safarini, tukienda taratibu, inafika 12. Kwa mtu mmoja anayekwenda kazini kila siku ni gharama, na simshauri. Tukiwa wanane ndani hesabu inageuka, kwa sababu nauli za basi za watu wanane kwenda Lushoto na kurudi, pamoja na bodaboda za kutufikisha stendi, ni fedha nyingi kuliko mafuta.

Njia yetu ya Lushoto ni kupitia Bagamoyo, tunakata Makofia hadi Msata, halafu Segera, Korogwe na Mombo. Kwenye tambarare gari linatulia vizuri. Kiyoyozi kina matundu ya kwenye dari hadi siti za mwisho, kwa hiyo waliokaa nyuma hawachemki kama zamani. Ila likiwa limejaa usilitegemee kuovateki kwa kasi. Kwenye milima ya kabla ya Segera, ukiwa nyuma ya lori la saruji, kaa hapo hapo mpaka uone barabara nyeupe mbele, kwa sababu litachukua muda kushika mwendo. Mume wangu alijaribu mara moja na watu wanane ndani. Tulirudi upande wetu salama, lakini nilimwambia palepale, watoto wakisikia, kwamba hiyo iwe ya mwisho. Imekuwa ya mwisho.

Kutoka Mombo kupanda Soni ndipo siti za nyuma kabisa zinapojulikana. Kona ni nyingi na mkia wa gari unayumba, na mtoto wetu wa tatu alikuwa akitapika kila safari hadi tulipomhamishia safu ya katikati, dirishani, tukawaweka nyuma wale wakubwa wawili. Kijana wetu wa kwanza ana miaka 14 sasa na magoti yake yanagusa siti ya mbele. Mwaka kesho sijui tutamweka wapi. Na wakikaa watu watatu kule nyuma, buti linabaki uwazi wa mabegi mawili yaliyosimamishwa. Tukirudi Dar na gunia la viazi na ndoo za peasi, inabidi nusu ya safu ya nyuma ikunjwe ubavuni na watu wawili wapande basi. Wauzaji wa magari huonyesha siti zikiwa zimejaa, kisha huonyesha buti likiwa wazi. Waombe wakuonyeshe vyote viwili kwa pamoja.

Sasa nije kwenye tope.

Idd el-Fitri ya Mei 2021 iliangukia kwenye mvua za masika. Mbele ya Lushoto lami ilituishia, na njia ya kwenda Mlalo ilikuwa udongo mwekundu uliolowa siku tatu. Nimewahi kulipima tumbo la gari hili kwa rula ya shule ya mwanangu, likiwa tupu: sentimita 15 na kidogo. Likijaa watu linashuka zaidi. Tulikuwa tunasikia mawe yakikwangua chini, na kila sauti ilinipita mwilini. Kwenye mlima mmoja matairi ya mbele yakaanza kuzunguka bure. Noah za tangu mwaka 2001 zinavutwa na matairi ya mbele; mkijaa watu na mizigo nyuma kisha mkapanda mlima, uzito unakimbilia nyuma na yale yanayovuta yanabaki mepesi. Wenyeji wetu wanalijua hilo bila kufundishwa. Ndiyo maana kule milimani bado utakuta watu wameng'ang'ania TownAce Noah ya zamani, ile ambayo injini iko chini ya siti za mbele na inakuunguza makalio, kwa sababu inasukuma kwa nyuma, na mlimani inapanda.

Tulishuka wote isipokuwa mama mkwe. Alikataa. Alisema, "Nimepanda mwenyewe, nitashuka nikifika kwangu." Vijana wawili waliokuwa wakipita na majembe wakamwambia mume wangu ageuze gari apande kinyumenyume, ili matairi yanayovuta yawe upande wa chini na uzito uyalalie. Akageuza. Gari likapanda mlima ule mkia ukitangulia, mama akiwa ndani peke yake ameshika mpini kwa mikono miwili, anatutazama sisi tuliobaki chini na viatu mkononi. Tulifika magharibi imeshaingia. Kesho yake tuliswali Idd tukiwa na tope kwenye kucha.

Kama kwenu ni mahali pa namna ile, tafuta chasisi inayoanza na ZRR75. Kwa nje ni gari lile lile, lakini hilo linavuta matairi yote manne. Angalia kibao cha chasisi kabla hujatazama rangi. Sisi hatukujua, na hakuna aliyetuambia.

Jambo jingine ambalo hatukuambiwa ni la giaboksi. Mwaka 2022 fundi mmoja, karibu na nyumbani, alibadilisha oili na kutia ATF, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida. CVT ina oili yake yenyewe. Ndani kuna mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli, na oili isiyo yake inauacha uteleze. Baada ya wiki mbili gari likawa linaunguruma bila kwenda. Tuliwahi kuimwaga, tukasafisha na kutia inayostahili mara mbili mfululizo, giaboksi ikapona, lakini nilikosa usingizi. Tangu siku hiyo oili naibeba mwenyewe kutoka dukani, nasimama pale fundi anapoimimina, na wala sioni haya.

Mlango ninaousifu nao una madai yake. Vumbi linaingia kwenye reli, na ule wa kushoto, uliokuwa ukijifungua kwa umeme, waya wake ulichoka baada ya safari nyingi za Mlalo. Sasa tunausukuma kwa mkono, na mama anafunguliwa na wajukuu. Reli naifuta kwa brashi ya mswaki kila Jumamosi. Na ukiegesha kwenye mteremko, pua ikitazama chini, hakikisha mlango umefunguka hadi mwisho ukashika, maana usiposhika unaweza kurudi kwa uzito wake wote, na vidole vya mtoto viko pale.

Redio tulihangaika nayo kidogo. Za Japani za miaka ile zinaishia masafa ya 90, na stesheni nyingi za hapa ziko juu ya hapo, kwa hiyo ilibidi kufungwa ekspanda ya kuyashusha masafa. Yule mwanamke wa Kijapani anayesema kila gari linapowashwa kwamba kadi ya barabara za kulipia haijaingizwa, tulimwacha. Watoto wanamjibu.

Lililo gumu kuliko yote halihusu chuma. Noah ni gari la watu wote. Nikisimama kituoni Tegeta, na namba yangu ya njano, ya gari binafsi, watu wanakuja kuuliza kama naenda Bagamoyo. Msiba ukitokea mtaani simu ya kwanza ni yetu. Harusi ni yetu. Mgonjwa wa usiku ni wetu. Haya nayapokea kwa moyo mweupe, kwa sababu nimewahi kuwa mtu wa kuomba. Ninachokataa ni mtu wa tisa. Mikanda ni minane. Tulipokuwa tunatoka kwenye arusi ya binamu wa mume wangu Korogwe, shangazi yake alitaka tuwaongeze wanawe watatu, wakae mapajani. "Ni Noah hii, mwanangu," akasema, "kwa wenzako zinabeba kumi na wanne." Nilimshika mkono, nikamwambia, "Shikamoo shangazi, nisamehe, wanao ni wanangu, ndiyo maana siwapandishi bila mkanda." Tuliwakatia tiketi za basi. Hakuongea nami hadi mwezi wa Ramadhani. Ningefanya vile tena leo.

Gari limefika kilomita 171,000 na tumeanza kulizungumzia la kubadilishia. Shokapu za nyuma tumezibadilisha mara mbili, bushi sijui mara ngapi, injini haijafunguliwa. Mume wangu ameona ZRR75 ya mwaka 2012 kwa mtu wa Goba, ya fedha, kilomita zake zinaridhisha. Jumapili iliyopita alimwonyesha mama picha kwenye simu. Mama aliisogeza karibu na macho, akaiangalia kwa ubavu.

"Mlango wake unafunguka kama huu?"

Akamwambia ndiyo, na sakafu ni ile ile. Jumamosi hii tunakwenda Goba kuliona, naye anakuja, apande mwenyewe kwanza ndipo tuzungumze bei.