Ruta ya 4G na antena ya nje: nimeijaribu siku nne kambini Kolo

Mbukwenyi ndugu zangu! Karibuni sana. Niko nyumbani Dodoma, na hivi vyote mnavyoviona mezani vimerudi jana kutoka Kolo, kule Kondoa kwenye michoro ya miambani. Vumbi bado sijafuta. Hii ni ruta ya 4G, unaitia laini ya simu nayo inasambaza Wi-Fi, hii bapa kama daftari kubwa ni antena yake, hizi kebo mbili, na hii pawa benki. Jina la kampuni nimelifunika kwa utepe makusudi, maana ruta za namna hii zinatengenezwa na wengi. Ukienda dukani nataka utafute sifa nitakazokutajia.

Nianze na kilichonifanya niinunue. Mimi ni mhasibu, nafanyia kazi nyumbani, wateja wangu wengi wako Dar. Ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Sasa mwaka jana, tarehe 19 ilinikuta kambini na familia, vilima vya Irangi vimetuzunguka, simu inasoma 4G, mistari mitatu. Nikatulia kabisa. Meseji zinaingia, picha zinafunguka. Nilipokuja kupandisha mafaili ya mteja, ikawa inazunguka, inazunguka, inakata. Magharibi mpaka saa 6 usiku. Mwisho mume wangu akawasha gari tukaenda Kondoa mjini usiku uleule, watoto wamelala kiti cha nyuma.

Kwa nini vitu vinashuka lakini havipandi? Hapa naomba mnisikilize vizuri. Muadhini akiadhini kwa kipaza sauti, wewe uliye ng'ambo ya bonde unamsikia neno kwa neno. Jaribu kumjibu kwa mdomo mtupu. Hakusikii. Mnara ndiyo yule mwenye kipaza sauti, unarusha kwa makumi ya wati. Simu yako ya 4G mwisho wake ni kama wati 0.2. Ile mistari mitatu inakuambia wewe unausikia mnara. Haikuambii kama mnara unakusikia wewe. Na mtu anayefanya kazi kwa mbali, iwe kikao cha video au kutuma faili, anahitaji kusikika.

Antena ya kuelekeza inafanya kama ukiweka viganja mdomoni unapomwita mtu, halafu ukaviweka sikioni anapokujibu. Haiongezi umeme wowote. Inakusanya nguvu ileile uliyonayo na kuipeleka upande mmoja. Kwa hiyo inasaidia kushusha na kupandisha pia, na ndiyo maana sifa ya kwanza ya kuangalia dukani ni hii hapa nyuma: matundu mawili ya kufunga antena ya nje. Ruta nyingi ndogo za mfukoni hazina. Na yawe mawili kweli, kwa sababu ndani ya hili bapa mna antena mbili zilizolalia pande tofauti. Ukifunga kebo moja tu umepunguza kazi yake.

Nilivyojaribu: laini ileile, bando lilelile, saa ileile ya asubuhi. Nilikuwa nasoma nguvu ya mawimbi kwenye menyu ya ruta, na kwenye simu nikatumia programu. Namba yake, kwa kipimo cha desibeli, ni hasi. Hasi 80 ni raha, hasi 110 unaanza kubembeleza, hasi 120 inakaribia kukata. Simu ndani ya hema ilinipa hasi 115. Ruta na antena juu ya mti, hasi 102. Tofauti ya 13 mnaweza kuiona ndogo, lakini hesabu ya desibeli ni kwamba kila 10 ni mara 10, hivyo 13 ni kama mara 20 ya nguvu. Kupandisha kukatoka megabiti 0.4 kwa sekunde mpaka 5. Faili la MB 40 ambalo simu lingeichukua kama robo saa, kama halijakata, lilikwenda kwa dakika moja na kidogo. Nilipoona limefika nilimwita mume wangu aje aone mwenyewe!

Lakini nilikosea kwanza, na kosa lenyewe wengi watalifanya. Nilinunua kebo ya mita 10 ili ruta ikae hemani nami niichungulie. Kebo nyembamba ya urefu huo inakula zaidi ya nusu ya kile antena ilichokukusanyia. Siku ya kwanza sikuona faida yoyote, nikadhani nimeibiwa. Siku ya pili nikafunga zile kebo fupi, ruta yenyewe nikaitundika mtini karibu na antena, ndani ya kopo la plastiki la chakula, waya wa umeme ndio nikaurefusha. Kutoka mtini mpaka hemani Wi-Fi inafika bila shida. Basi hapo ndipo zile namba zilipopatikana.

Kopo nalo lina adabu zake. Saa 7 mchana ruta ilizima. Jua letu mnalijua, na ndani ya plastiki iliyofunikwa mlikuwa kama jiko. Nikatoboa matundu upande wa chini na kulihamishia kwenye kivuli cha tawi, haikuzima tena.

Umeme: ruta hii inataka volti 12, na kwa kazi ya kawaida inakula kama wati 6. Pawa benki ya 20,000 ina kama wati-saa 74, ukitoa zinazopotea njiani unapata saa 10 hivi. Unahitaji waya wa kupandisha volti kutoka 5 kwenda 12, wauza vifaa vya elektroniki wanao. Mimi nachaji pawa benki mchana kwa paneli ndogo ya kukunja, na ruta naizima usiku.

Kuelekeza antena, usikisie. Nilipofika nilimwendea wakala wa pesa pale barabarani. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, hapa mtandao gani unashika, na mnara uko upande gani?" Akanijibu, "Dada, laini hiyo ya kwako achana nayo, tumia hii, na mnara uko nyuma ya kile kilima." Wakala hawezi kukaa mahali ambapo muamala unagoma, kwa hiyo alipoweka meza yake pana habari. Bebeni laini za mitandao miwili. Kisha geuza antena kidogo kidogo, kila mgeuzo subiri dakika nzima usome namba. Kolo upande bora haukuwa ule wa mnara alionionyesha, kilima kilikuwa kimeuziba. Nilipata mwingine kwa mbali, upande wa uwazi.

Na saa ya kufanya kazi ina maana kubwa. Jioni watu wote wamerudi, mnara umeelemewa, antena haikusaidii kitu hapo. Mimi mafaili mazito nayatuma saa 11 alfajiri.

Mtera pia niliibeba, kule bwawani, wala sikuihitaji. Pale nilipopiga hema palikuwa wazi mpaka kwenye mnara, simu peke yake ilitosha. Kama matembezi yenu ni ya namna hiyo, msitumie hela.

Kasoro: pini ya umeme haina kifungo, upepo ukitikisa tawi inachomoka. Nimeifunga kwa utepe. Nati za kuishikia antena zimeanza kutu. Na menyu yote ni ya Kiingereza, mama yangu angeshindwa kuitumia, jambo linaloniuma.

Ruta nilinunua laki moja na sitini, antena elfu sabini. Ukiwa mtu wa barua pepe na meseji tu, itundike simu juu ya mti, washa hotspoti, inatosha. Ukiwa na vikao vya video na mafaili, nunua, ila muulize muuzaji mambo mawili. Kwanza, kama ruta imefungwa kwa mtandao mmoja, maana hapo laini ya yule wakala isingeingia. Pili, kama imeidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania. Na akikuletea kile kiboksi cha kukuza mawimbi, kinachoyapokea na kuyarusha upya, mkatalie. Kinaweza kuvuruga mnara, na wanaoumia ni wanakijiji waliokukaribisha.